Kiholanzi: "Had je het maar eerder gezegd" – mbona kitenzi kiko mbele na si swali?

MtotoWaPangani

Wakuu, habari za jioni.

Niko Utrecht, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na jioni najisomea kwa ajili ya Staatsexamen NT2, Programu ya Pili, yaani mtihani wa taifa wa Kiholanzi kama lugha ya pili. Kiholanzi cha kazini kinakwenda. Dawa, chakula, zamu, nani kaanguka, nani kagoma kuoga, yote hayo naongea bila kutafuta maneno. Kinachonikwamisha ni sentensi za "ningekuwa, ningefanya".

Juzi niliomba kubadilishana zamu wakati ratiba imeshatoka. Kiongozi wa zamu kanijibu kwa WhatsApp:

*Had je het maar eerder gezegd, dan hadden we iemand anders kunnen vragen.*

Kitenzi mbele, mtu nyuma yake. Kitabuni huo ndio mpangilio wa swali, lakini alama ya kuuliza haipo. Halafu "maar" mimi naijua ni "lakini". Na huko mwisho "kunnen vragen", mbona vitenzi viwili vya asili vimekaa pamoja, wakati jambo lenyewe limeshapita?

Wajuzi wa lugha hii naomba mnifungue. Nawasilisha.

---

Kigoda_Mbele

Naweka kigoda changu hapa. Mke wangu anajiandaa na ule mtihani wa ubalozini kabla ya kuja, nitamtumia uzi huu.

---

MzeeWaPolder

@Kigoda_Mbele, mtihani wa ubalozini ni A1, ngazi ya chini kabisa ya lugha, shemeji haya hayamhusu bado. Asome kujitambulisha, saa, bei na yale maswali ya jamii ya Uholanzi. Akishafika huku na kuingia darasa la inburgering, lile la wahamiaji kujifunza lugha na jamii, ndipo atakutana nayo, maana sheria iliyoanza Januari 2022 inalenga B1, ngazi ya kati.

@MtotoWaPangani, kiongozi wako hajakuuliza kitu. Amekulaumu, ila kwa sauti ya chini. Amesema: "Laiti ungesema mapema, tungeweza kumwomba mtu mwingine."

Nianze na hiyo "maar". Ukikuta *had* au *was* iko mbele, na "maar" imejipenyeza ndani, soma "laiti". *Had ik maar geld*, laiti ningekuwa na pesa. *Was ik maar thuis gebleven*, laiti ningebaki nyumbani. Sentensi ya namna hiyo inaweza kusimama peke yake, bila nusu ya pili, kama sisi tunavyosema "laiti ningejua" tukanyamaza.

Sasa kitenzi kuwa mbele. Kiholanzi kina njia mbili za kufungua sharti. Moja inatumia *als*, "kama" yao, na *als* ikishakaa mbele, kitenzi kinasukumwa hadi mwisho wa kishazi:

*Als je het eerder had gezegd...*

Nyingine inaiondoa *als* kabisa, na kitenzi kinakuja kukalia nafasi iliyoachwa wazi:

*Had je het eerder gezegd...*

Maana ni ile ile. Zote mbili kwa pamoja haziwezekani, hakuna "als had je".

Na kabla hujasema Waholanzi wana vituko, tazama Kiswahili chako mwenyewe. "Kama ungesema mapema, tungemwomba mwingine." Sasa toa "kama": "Ungesema mapema, tungemwomba mwingine." Umepungukiwa na nini? Hujapungukiwa. Sharti lote limebebwa na -nge- iliyo ndani ya kitenzi, "kama" imekuja kusindikiza tu. Kiholanzi hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo *als* ikiondoka lazima kitu kingine kiseme "hili ni sharti". Kitu hicho ni mahali kitenzi kilipokaa. Ndiyo maana wao ni wakali sana na mpangilio wa maneno, na sisi hatuna haja ya ukali huo.

Utatofautishaje na swali? Kwenye maandishi tafuta mkato na *dan* ("basi"). Kwenye mazungumzo sikiliza sauti: swali linapanda mwishoni, sharti linabaki limening'inia likisubiri nusu yake.

---

BintiTanga

Mzee wa Polder, shikamoo. Hapo kwenye nusu ya pili ndipo kilio changu kilipo. Mimi naandika *Als ik tijd had, ik zou komen*, ningekuwa na muda, ningekuja. Mwalimu anapiga mstari mwekundu kila mara, anasema "inversie, inversie", yaani geuza mtendaji na kitenzi, halafu anaendelea na somo.

---

MzeeWaPolder

Marahaba binti.

Sheria ya kishazi huru cha Kiholanzi unaijua: kitenzi kinachobeba wakati kinakaa nafasi ya pili. *Ik kom morgen. Morgen kom ik.* Nakuja kesho. Ukianza na "morgen" (kesho), nafasi ya kwanza imeshachukuliwa, kwa hiyo *kom* inashika ya pili na *ik* inasogea.

Ambacho darasani huwa hakisemwi kwa uwazi ni kwamba kishazi chote cha *als*, kiwe kifupi au kirefu kama treni ya mizigo, kinahesabiwa kuwa kitu kimoja. Kimekaa nafasi ya kwanza. Kinachofuata lazima kiwe kitenzi:

*Als ik tijd had, zou ik komen.*

*Als mijn broer, die in Mombasa woont, volgende maand een visum krijgt, komt hij in december hierheen.* Kaka yangu anayeishi Mombasa akipata viza mwezi ujao, atakuja huku Desemba.

Angalia penye mkato wa mwisho: *krijgt, komt*. Na ile ya juu: *had, zou*. Kitenzi cha kwanza kimefunga kishazi chake, cha pili kinafungua cha kwake, na wanakutana mkatoni. Mimi wanafunzi wangu nawaambia wasihesabu nafasi, watazame mkato tu. Kama hauna kitenzi kushoto na kitenzi kulia, rudi ukatafute kilichopotea. *Dan* inaruhusiwa kuingia katikati, *als ik tijd had, dan zou ik komen*, lakini hata hapo *zou* inafuata papo hapo, kabla ya *ik*.

Ukigeuza, ukaanza na kishazi huru, mambo yanarudi kawaida: *Ik zou komen als ik tijd had.* Hakuna kugeuza mtendaji, na *dan* haina kazi.

---

Mkaba_Winga

Wapenda mpira mkumbuke ile ya marehemu Johan Cruijff: *Je gaat het pas zien als je het doorhebt.* Utaliona pale tu utakapokuwa umelielewa. Kishazi huru mbele, *je gaat*, hakuna inversie. Cha *als* nyuma, *doorhebt* imetupwa mwisho. Sarufi nzima ya Mzee wa Polder iko humo.

---

MzeeWaPolder

Na *doorhebben* ni kitenzi cha kutengana. Kwenye kishazi huru ungesema *ik heb het door*, vipande viwili mbalimbali. Kikifika mwisho wa kishazi tegemezi vinaungana: *als je het doorhebt*. Asante winga.

---

MtotoWaPangani

Mzee nimekuelewa. Lakini nyakati bado. *Had* ni wakati uliopita wa *hebben*. Mbona *als ik tijd had* inamaanisha sasa hivi sina muda?

---

MzeeWaPolder

Hapo tuliosoma Kiswahili shuleni tuna faida kubwa, maana ngazi zenyewe tulishafundishwa.

Nikipata muda, nitakuja. Jambo linawezekana. *Als ik tijd heb, kom ik.* Vitenzi vyote viko wakati uliopo, hata kama unazungumzia kesho. Usihangaike kutafuta *zal*, ile ya "nita-".

Ningekuwa na muda, ningekuja. Sina, lakini tunawaza. *Als ik tijd had, kwam ik*, au *zou ik komen*.

Ningalikuwa na muda, ningalikuja. Imeshapita, haitengenezeki. *Als ik tijd had gehad, was ik gekomen*, au *zou ik gekomen zijn*.

Kiholanzi kinaonyesha umbali na ukweli kwa kurudi nyuma hatua moja katika nyakati. Jambo la sasa lisilo kweli linavaa umbo la jana. Jambo la jana lisilo kweli linarudi hatua nyingine, *had gehad*. Kwa hiyo *had* ya sentensi ya kati haina habari na jana. Inasema "sina".

Angalia pia *was ik gekomen*, si *had ik gekomen*. Kitenzi kinachochukua *zijn* kwenye maisha ya kawaida (*ik ben gekomen, ik ben gebleven, ik ben gegaan*) kinaichukua na kwenye masharti. Watu wengi wakishazoea *had... had...* wanaibandika kila mahali.

---

Mkamba_Delft

Hapo kwa -nge- na -ngali-, wacha tuseme ukweli: mtaani Nairobi hata Dar watu wanasema "ningejua nisingekuja" kwa kitu cha jana, na kila mtu anaelewa. -ngali- tumeiachia insha na magazeti. Sasa ukitafsiri kichwani kutoka Kiswahili cha mtaa, utaandika *als ik het wist, zou ik niet komen* na Mholanzi ataelewa kitu kingine kabisa. Ataelewa hujui mpaka sasa, na kwamba ungejua usingekuja. Ya jana lazima iwe *als ik het had geweten, was ik niet gekomen*.

Lakini Mzee nina ubishi kidogo. Mwalimu wetu alisema *zou* isiingie kabisa upande wa *als*. Na mimi kila siku kwa tramu nasikia *als ik zou kunnen, als je dat zou doen*. Kwani wenyewe hawajui lugha yao?

---

MzeeWaPolder

Wanaijua. *Zou* pande zote mbili si kosa la sarufi. Walimu wanaikatia kwa sababu za mtindo, sentensi inakuwa nzito ikiwa na *zou* mbili, na *had* ni fupi zaidi. Kwetu sisi inashawishi sana kwa sababu Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, ningekuwa... ningefanya, na *zou... zou...* inakaa sawasawa na sikio letu.

Ninavyofanya mimi: upande wa *als*, vitenzi vinavyotumika kila saa naviweka kwenye umbo la kupita. *Had, was, kon, wist, mocht, wilde.* Vingine vyote natumia *zou*, kwa sababu umbo lao la kupita linaweza kumpoteza msomaji. Chukua hii: *Als hij thuiskwam, ging hij slapen.* Mtu ataisoma "kila aliporudi nyumbani alikwenda kulala", mazoea ya zamani. Ukiandika *Als hij thuis zou komen, zou hij gaan slapen*, hakuna wa kubabaika.

Kwenye mtihani wa kuandika wekeni *had* au *was* kushoto na *zou* kulia. Haina mtu wa kuigombania.

---

NduguWaKivu

Jambo ba ndugu. Mimi niko Antwerpen, kwetu ni Bukavu. Nawasoma, lakini mjue huku Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi, kuna mambo mengine. Bosi wangu akiandika anasema:

*Moest je nog vragen hebben, bel mij gerust.*

Yaani ukiwa bado na maswali, nipigie bila wasiwasi. *Moest* mbele. Rafiki yangu wa Eindhoven aliiona akaniuliza, "nani amekulazimisha kuuliza maswali?" Kwao *moest* ni "ilibidi" tu. Huku ni "endapo".

Kingine: huku utasikia *Had ik dat geweten, ik was niet gekomen*, ningalijua hilo nisingalikuja. Baada ya mkato ni *ik was*, si *was ik*. Kwa sheria ya Mzee wa Polder hii ingekuwa kosa, lakini hakuna anayekunja uso.

---

MzeeWaPolder

Ndugu, asante sana, hilo nilikuwa nimeliruka makusudi nisiwachanganye, ila umelileta vizuri.

*Moest* hiyo ni ya Ubelgiji. Uholanzi na Kiholanzi cha kitabuni kinatumia *mocht*: *Mocht je nog vragen hebben*. Anayefanya mtihani wa Uholanzi abaki na *mocht*. Anayeishi Antwerpen au Gent atumie ya kwao mtaani bila aibu. Tangu 1980 nchi hizo mbili zina Taalunie, chombo chao cha pamoja cha lugha, lakini midomo ya watu haijaunganishwa.

Na *had ik dat geweten, ik was niet gekomen* hata Uholanzi ipo, hasa kwenye maandishi yenye hisia. Inawezekana tu pale sharti linapoanza na kitenzi. Ukianza na *als*, lazima ugeuze, hakuna msamaha. Mwanafunzi asiige mpaka aizoee.

Kuna na kundi la vitenzi vya mwisho, ambalo nalo linatofautiana kwa mipaka. "Kwamba angekuwa amelinunua" unaweza kuandika hivi:

*dat hij het zou hebben gekocht*
*dat hij het gekocht zou hebben*
*dat hij het zou gekocht hebben*

Ya kwanza ni ya Uholanzi zaidi, ya tatu utaisikia zaidi kwako Flanders, ya kati inapita kote. Na ikiwa ni vitenzi viwili tu, *had gezegd* na *gezegd had* zote sahihi. Wao wenyewe huziita mpangilio mwekundu na mpangilio wa kijani. *Had gezegd* ni mwekundu, *gezegd had* ni wa kijani. Mtu asikudanganye kwamba mmoja ni wa wasomi.

---

Jirani_CapeTown

Napita tu kutoka Afrika Kusini. Kiafrikana kimewarahisishia. Umbo la kupita la vitenzi limekufa karibu lote, yamebaki machache kama *was, kon, wou, moes, sou*. Kwa hiyo hatuna huo ujanja wa "rudi hatua moja nyuma" kwa kila kitenzi. Tunasema *As ek geld gehad het, sou ek 'n huis gekoop het.* "Ningalikuwa na pesa, ningalinunua nyumba." Lakini mpangilio ni ule ule, *het* mwisho wa kishazi, na *sou ek* baada ya mkato. Nilifanya kazi na Waholanzi meli moja, kusikilizana si shida.

---

BintiTanga

Mimi nina swali la pembeni. Nimeandika *Ik weet niet als hij komt* nikaambiwa si *als* ni *of*. Kwani "kama" si ndiyo *als*?

---

MzeeWaPolder

"Kama" yetu inafanya kazi nyingi. "Kama atakuja, nitampikia" ni sharti, hapo *als*. "Sijui kama atakuja" si sharti, ni swali lililomezwa na sentensi kubwa, hapo *of*: *Ik weet niet of hij komt.* Kipimo: badilisha "kama" iwe "iwapo... au la". Ikikubali "au la", basi ni *of*. Kitenzi kinakwenda mwisho kote kuwili, hilo halibadiliki.

Na ukiwa hapo hapo, *als* na *toen*. Tukio moja lililopita ni *toen*: *Toen ik in Tanga woonde*, nilipokuwa nikiishi Tanga. Penye -lipo- weka *toen*, penye -ki- weka *als*. Haikosei mara nyingi.

---

Mwl_Shangwe

Naomba kuongeza jambo kwa wale wanaosema Kiswahili hakigeuzi mtendaji na kitenzi. Kinageuza. "Alipofika mwalimu, wanafunzi walisimama." "Kitabu alichonunua Juma." Kitenzi chenye kirejeshi kinapenda kutangulia, na mtendaji anafuata. Ukisema "kitabu Juma alichonunua" unaeleweka, lakini sikio la mzawa linasita. Kwa hiyo kichwa cha Mswahili kinajua kwamba aina ya kishazi inaweza kuamua nani atangulie. Kiholanzi kimechukua wazo hilo na kulifanya sheria ya lugha nzima.

---

MzeeWaPolder

Mwalimu, hilo nitaliiba nikafundishie.

---

Kigoda_Mbele

Barua ya hospitali imeandika *Mocht u verhinderd zijn, dan verzoeken wij u dit tijdig te melden.* Nikiisoma neno kwa neno naona "uliruhusiwa".

---

MzeeWaPolder

*Mocht* kweli ni umbo la kupita la *mogen*, kuruhusiwa. Ikiwa mbele ya sharti ruhusa inatoka, inabaki "endapo". "Endapo utapata udhuru, tunaomba utuarifu mapema." Barua za manispaa, shule, bima, zote zinaipenda kwa sababu ni ya adabu: haisemi utashindwa kufika, inasema ikitokea kwa bahati mbaya. *Indien* ni ndugu yake, ila kavu zaidi. *Indien u niet betaalt...* ukiiona hiyo, fungua bahasha ukiwa umekaa. Na mjue *tenzij*, isipokuwa kama, na *mits*, mradi. Zote mbili zinatupa kitenzi mwisho.

Zaidi ya masharti, *zou* ina kazi nyingine ambayo kwenye gazeti inaweza kukugeuzia habari nzima. *De directeur zou al in maart van het lek hebben geweten.* Hakuna *als* popote. Haimaanishi "mkurugenzi angejua". Inamaanisha "inadaiwa mkurugenzi alijua tangu Machi". Mwandishi ananawa mikono, anasema haya ni ya kuambiwa. Vivyo hivyo *Hij zou ziek zijn*, wanasema anaumwa. Mtu akitafsiri kwa -nge- anaweza kumsafisha mtuhumiwa au kumtia hatiani bila kujua.

Ukiiona *zou* bila sharti lolote karibu, jiulize kwanza: ni uvumi? Ni adabu (*Zou u mij kunnen helpen?*)? Ni ahadi iliyoripotiwa (*Hij zei dat hij zou komen*, alisema atakuja)? Ni mshangao wa mtu anayejiuliza mwenyewe (*Zou hij nog komen?*, hivi kweli atakuja)?

---

Mkamba_Delft

Nimeleta zoezi. Tafsirini:

1. Ningekuwa wewe, nisingesaini.
2. Treni isingechelewa, ningefika saa mbili asubuhi.
3. Ungenipigia simu, ningeweza kukusaidia.

Ya pili na ya tatu ni za jana.

---

BintiTanga

1. *Als ik jou was, zou ik niet tekenen.*
2. *Als de trein geen vertraging had gehad, was ik om acht uur aangekomen.*
3. *Had je me gebeld, dan had ik je gekund helpen.*

---

MzeeWaPolder

Ya kwanza nzuri, na umeandika *jou*, si *jij*. Huo ni usemi uliokwishaganda, uchukueni ulivyo.

Ya pili nzuri mara mbili, maana umekumbuka *aangekomen* inataka *was*, na umekumbuka saa mbili yetu ni *acht uur* yao. (Wala msianze habari za *half acht* hapa, ambayo ni saa moja na nusu yetu, watu watakosa treni kweli.)

Ya tatu turudi kwenye swali la kwanza la mleta mada. *Kunnen* ikiwa peke yake, kwenye nyakati hizi inakuwa *gekund*. Lakini ikibeba kitenzi kingine, *helpen*, inakataa kuvaa *ge-* na inabaki katika umbo lake la asili:

*Had je me gebeld, dan had ik je kunnen helpen.*

Ndiyo ile ya kiongozi wa zamu: *dan hadden we iemand anders kunnen vragen*. Vivyo hivyo *moeten, mogen, willen, laten*. *Ik had het moeten weten*, ilinipasa kujua. *Ik had hem willen bellen*, nilitaka kumpigia. Hii si ya masharti peke yake, lakini kwenye masharti ya jana utaikuta kila mara, kwa sababu mtu anayejutia hukimbilia "ningeweza" na "ilibidi".

Na kwenye kishazi tegemezi, kundi hili halina uhuru wa rangi ule wa juu. *Als ik had kunnen komen* ndiyo njia. *Had* inatangulia.

---

Mkaba_Winga

Jirani yangu, mzee wa Drenthe, nikianza "als ik", "als ik", ananikatiza: *As is verbrande turf.* Wanatamka *als* kama *as*, na *as* ni majivu. Anasema majivu ni turf iliyoungua, ile mboji iliyokaushwa waliyokuwa wakiichoma badala ya kuni. Yaani "kama" zako hazipiki chai. Ningejua huja nyuma, ya Kiholanzi.

---

MtotoWaPangani

Hahaha. Nimeshamjibu kiongozi: *Als ik het eerder had geweten, had ik het meteen gezegd*, ningalijua mapema, ningalisema papo hapo. Kaweka dole gumba.

La mwisho Mzee. Kuna hii *al*. Nimeona *Al was ik rijk, ik zou dat huis niet kopen.* *Was ik* imegeuzwa baada ya *al*, lakini baada ya mkato ni *ik zou*. Ni kinyume cha kila ulichotufundisha.

---

MzeeWaPolder

Kweli ni kinyume, na ndivyo ilivyo. *Al* ya namna hii ni "hata kama": hata ningekuwa tajiri, nisingeinunua nyumba ile. *Al* haifanyi kazi kama *als*. Haikisukumi kitenzi mwisho, inakivuta kije jirani yake: *al was ik, al regent het, al zou ik willen*. Na kishazi chake hakikai nafasi ya kwanza, kinabaki nje ya sentensi, kwa hiyo baada ya mkato unaanza upya kama vile hakuna kilichotangulia: *Al regent het, we gaan toch*, hata ikinyesha, tutakwenda tu.

Hapo mkato wangu wa kitenzi kushoto na kitenzi kulia hauwezi kukusaidia. Ukiona *al* mwanzoni, usitafute *zou ik*. Andika *ik zou* kwa amani.

---

BintiTanga

Na *er*? *Als er iemand was geweest, zou er...* Hiyo *er* inatoka wapi?

---

MzeeWaPolder

Binti, hiyo ifungulie uzi wake. Mimi saa hizi naingia zamu.